Jubilei ya Miaka Elfu Tatu

Jina lake sitalitaja, kwa sababu mwenyewe hakupenda kitu kipewe jina kabla hakijaeleweka. Wala sitasema alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani. Hapa Bombambili kila mtu alimwita Mwalimu: mkewe, mafundi wa baiskeli, hata wazee waliomzidi umri na ambao hakuwahi kuwafundisha hata herufi moja. Mimi alinifundisha Fizikia kidato cha pili na cha tatu, akanipa alama saba kwa mia. Miaka mingi baadaye, nilipofungua banda langu la cherehani nyumba ya tatu kutoka kwake, akawa anakuja kila asubuhi kukaa kwenye benchi la wateja na kunikumbusha kwamba hata zile saba zilikuwa za huruma.

Nataka nimweleze jinsi nilivyomjua, maana tangu ahamie Mbinga kwa binti yake watu wameanza kumsimulia vibaya. Wanasema uzee ulimfika na nyota zikamchanganya. Si kweli, na mtu akisema hivyo mbele yangu namwambia achukue nguo zake akashone kwingine. Mwalimu alikuwa na akili zake zote. Alimwahidi mkewe jambo moja, akalichelewa, akatafuta njia ya kuliwahi. Njia yenyewe ndiyo ilipita mbali kidogo.

Nianze na koti. Songea ina baridi, hilo hakuna anayebisha, hasa Juni na Julai upepo unaposhuka kutoka milima ya Matogoro na watu wanaongea wakitoa moshi mdomoni. Lakini Mwalimu alivaa koti la sufu hata Oktoba, saa saba mchana, wakati mbuzi wanagombania kivuli cha ukuta. Lilikuwa na mifuko minne, na kila mfuko ulikuwa na chaki. Yeye alistaafu, chaki hazikustaafu. Alichora kwenye milango ya watu, kwenye tangi la maji la mwenyekiti wa mtaa, na kwenye kiti cha bodaboda akiwa bado hajakipanda.

Siku moja aliishiwa chaki, akaokota ile yangu ya kukatia nguo. Akachora duara kubwa na kaduara kadogo pembeni yake kwenye suruali ya mteja iliyokuwa mezani, ili nielewe jambo ambalo sikuwa nimeliuliza. Mwenye suruali akaja mbiombio, akaichukua bila kuikagua, akaivaa kwenye sherehe ya sendofu ya mpwa wake kule Majengo, akacheza muziki hadi mwisho na ulimwengu mzima nyuma ya paja lake. Kesho yake alikuja kunigombeza. Mwalimu alikuwepo benchini. Alimgeuza yule bwana taratibu, akaitazama michoro yake, akasema, "Ni kweli umeonewa. Nyota ilitakiwa iwe kubwa zaidi, ila suruali haikutosha."

Hiyo michoro yote ilikuwa ya sayari moja. Si hizi zetu tulizokariri darasani. Hii ilikuwa inazunguka jua la watu wengine, nyota ya mbali kupita kiasi. Alisikia habari zake redioni mwaka uleule aliostaafu, akiwa kwenye kiti cha kinyozi Majengo. Mtangazaji alisema wataalamu wamegundua sayari nyepesi iliyo karibu mno na nyota yake, karibu kiasi kwamba inamaliza mzunguko wake kwa siku tano. Yaani mwaka wake ni siku tano za kwetu. Mwalimu akainuka na kitambaa cha kinyozi shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akatembea kwa miguu hadi Bombambili kumpasha mkewe habari. Kinyozi alimfuata hadi barabara ya lami, akakata tamaa. Ile nusu nyingine ilinyolewa siku ya tano, na tangu hapo Mwalimu alikuwa akijisifu kwamba ndiye mtu pekee mkoani Ruvuma aliyewahi kunyolewa mwaka mzima.

Wataalamu waliipa sayari hiyo jina la herufi na tarakimu, kama namba ya pikipiki. Mwalimu hakuitumia namba hiyo. Aliiita tu "ile ndogo." Nilipomwuliza ni ndogo kiasi gani, alisema uzito wake unakaribia mara nne ya ule wa dunia yetu. Kitu kizito kuliko dunia mara nne, halafu wasomi wanakiita chepesi. Nilimwambia kama hivyo ndivyo wanavyopima, basi hata zile alama zangu saba zihesabiwe upya.

Mkewe tulimwita Mama Mwalimu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo, zile nyumba chache za mtaa ambazo kila wiki hukutana kusali kwa mmoja wao. Mimi ni katibu wake. Mwalimu alipofika nyumbani siku ile na nusu kichwa, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimeolewa peke yangu miaka yote hii. Leo uzeeni naletewa mke mwenzangu wa angani." Lakini alimpisha kiti na kumpa chai.

Swali ambalo kila mtu alimwuliza Mwalimu ni moja: hao wataalamu wameionaje? Jibu lake ni kwamba hawajaiona. Hapo ndipo watu walipokuwa wanaondoka. Mimi sikuweza kuondoka kwa sababu siku aliyonieleza nilikuwa jikoni kwake nasubiri kupimia vitambaa vya meza, na Mama Mwalimu alikuwa anasonga ugali.

"Itazame sufuria," Mwalimu aliniambia. "Mwiko usiutazame kabisa. Sufuria inafanyaje?"

"Inayumba."

"Sasa chukulia umesimama juu Matogoro, unaona sufuria tu, mwiko huuoni kwa udogo wake. Ungejua nini?"

"Ningejua kuna mtu anasonga."

"Basi umefaulu. Ile nyota nayo inayumba hivyohivyo, kidogo sana, kila siku tano. Kuna kitu kidogo kando yake kinaivuta."

Mama Mwalimu hakugeuka. Alisema, "Na wewe unayeona sufuria inayumba, mbona huishiki?"

Mwalimu akaishika, bila kitambaa, akaungua vidole viwili. Alivipuliza, akaniambia huo ndio ushahidi kwamba anayekaa karibu na nyota lazima aungue. Ugali ulipoiva alikula kwa mkono wa kushoto, na mkewe akamwambia ashukuru kwamba leo wamempikia maharage na si dagaa wa Nyasa, maana miiba ingemshinda.

Alikuwa na msemo wake mmoja, alioutumia kila alipoambiwa anadanganya. Hakukasirika. Alisema, "Si uongo, ni mbali tu." Ukautumia mtaa mzima. Mtu akichelewa kukuletea kitu alichokuahidi unamwambia ni mwongo, na yeye anakujibu hivyo: si uongo, ni mbali tu. Hata mimi nimewajibu hivyo wateja zaidi ya mara moja kuhusu sketi zao.

Katika jumuiya, baada ya sala, alipewa dakika tano za kuzungumza, akatumia arobaini. Akina mama walimwuliza mambo ya msingi. Mmoja alitaka kujua kama mwaka ni siku tano, ina maana Krismasi inarudi kila baada ya siku tano, na nguo za watoto atanunua nani. Mwalimu alisema hilo ni swali la kiuchumi. Mimi nilisema ni swali zuri sana na ningependa kuhamia huko na cherehani yangu. Kisha akaeleza kwamba ile sayari huenda imeigeuzia nyota yake uso mmoja tu siku zote, upande mmoja mchana usiokwisha na upande mwingine giza lisilokwisha. Mzee mmoja akauliza watu wa upande wa mchana wanalala saa ngapi. Mwalimu akajibu hakuna watu, kuna joto la kuyeyusha risasi. Mzee akasema basi angetuambia hivyo tangu mwanzo, sisi tulishaanza kuwahurumia.

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa mzee Mwislamu aliyetoka Namtumbo, mkulima wa tumbaku aliyekuja mjini kwa ajili ya miguu yake. Huyu ndiye mtu pekee aliyempa Mwalimu shida ya kweli. Alisikiliza habari zote kupitia ukutani kwa miezi kadhaa, kisha akamwuliza, "Hiyo sayari yako, Mwalimu, ina mwezi?"

"Hatujui. Haujaonekana."

"Kama mwezi haujaonekana," alisema yule mzee, "basi alhamdulillahi, huko bado hatujaanza kufunga." Na akarudi ndani. Mwalimu alikaa siku mbili anatafuta jibu.

Mtu huyo huyo aliyejua njia ya nyota ya mbali alikuwa akipotea Majengo, mjini humuhumu. Ukimtuma misumari ya inchi tatu anarudi na bawaba. Alijua saa, dakika na sekunde za mzunguko wa kitu asichokiona, lakini tarehe ya ndoa yake mwenyewe aliiandika vibaya kwenye shajara. Hapa sasa ndipo penye jambo lenyewe.

Sisi Wakatoliki wa Songea tunaipenda jubilei. Ndoa ikifika miaka ishirini na mitano, ni jubilei ya fedha: misa, gauni jipya, keki, kwaya, maharusi wanarudia ahadi zao mbele ya watoto wao wakubwa. Ikifika hamsini ni dhahabu, na hapo hata majirani mnaogombana nao wanakuja. Mama Mwalimu alijiandaa kwa ile ya fedha mwaka mzima. Keki iliokwa. Kwaya ilijifunza wimbo mpya. Siku yenyewe ilipofika bwana harusi alikuwa mkoa mwingine anasahihisha mitihani, akiamini kwamba sherehe ni baada ya wiki tatu. Chakula watu walikula, kwa sababu kilishapikwa. Mama Mwalimu alivaa gauni lake, akagawa keki mwenyewe, akaenda kulala. Mwalimu aliporudi, kwa tarehe aliyoiandika, alimletea zawadi ya tufe la dunia la kusimama mezani. Miaka yote iliyofuata Mama alikuwa akisema kwa ile sauti yake ya chini, "Nilimwomba siku moja, akaniletea dunia nzima."

Mwalimu alimwahidi dhahabu. Alimwapia. Alisema hata kama atakuwa kitandani atabebwa na kitanda. Na nadhani mkewe angemsubiri, kama si moyo.

Moyo wake ulitanuka. Ilianza kwa miguu kuvimba, kisha akawa anasimama mara mbili njiani kutoka kwake hadi kwangu, nyumba tatu tu. Hospitali walimpa dawa na wakamwambia asibebe ndoo wala asipande mlima. Mwalimu walimwita pembeni. Wakamwambia wasipange mambo ya mbali. Walikuwa na miaka arobaini na mmoja ya ndoa. Hadi dhahabu ilibaki tisa.

Asubuhi moja alikuja bandani bila koti. Ndivyo nilivyojua kuna jambo. Aliniwekea karatasi juu ya cherehani, imejaa hesabu.

"Fundi, wewe ni katibu wa jumuiya. Chukua kalamu. Nimekaa na mke wangu miaka arobaini na mmoja kwa mwaka wa huku. Geuza iwe siku. Ongeza zile za miaka mirefu. Gawa kwa tano."

"Mwalimu, nilipata saba."

"Nimeshagawa mimi. Inakuja elfu mbili mia tisa tisini na tano. Kwa mwaka wa ile ndogo imebaki miaka mitano tu nitimize elfu tatu. Siku ishirini na tano. Inaangukia Jumamosi, nimeangalia." Akaongeza, "Kama hamsini ni dhahabu, elfu tatu ni nini? Mimi naomba dhahabu tu. Siombi zaidi."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa kuwa nilikuwa na pini mdomoni sikufanya hata kimoja. Nilijaza fomu ya kuomba misa. Palipoandikwa "Aina ya adhimisho" nikaandika jubilei. Palipoandikwa "Miaka ya ndoa" nikaandika kama alivyonitajia. Aliniapisha nisimwambie mwenyekiti wangu.

Paroko wetu alikuwa kijana, na kwa bahati mbaya yake alikuwa amefundishwa na Mwalimu. Alipata tisini na moja. Nalijua hilo kwa sababu niliambiwa kila wiki. Tulipoingia ofisini wote wawili walisimama kwa adabu wakashindana nani amsalimu mwenzake kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele na milele, amina. Shikamoo."

"Marahaba."

Paroko aliisoma fomu, akaisoma tena, akaivua miwani. "Mwalimu, Kanisa linahesabu kwa mwaka wa hapa."

"Baba, Mungu aliyeumba kule ni mwingine?"

"Ni huyohuyo."

"Na mwaka wa kule ameupanga nani?"

Paroko alinitazama mimi. Nikatazama dari. Akasema, "Mwalimu, nikikuandikia jubilei ya dhahabu kwa hesabu hii, kesho watakuja waliooana juzi waniambie wana miaka thelathini."

"Nao wamekaa na mtu anayeondoka?" Mwalimu aliuliza. Hakupandisha sauti. "Nilimkosea mara moja, mwanangu. Ile ya pili sitaifikia kwa mwaka wa huku. Nimetafuta mwaka mwingine, nimeupata. Nisaidie."

Paroko aliivaa tena miwani. Nje mtu alikuwa anafagia uwanja wa kanisa. Mwishowe Paroko alisema jubilei ya dhahabu hawezi, lakini misa ya shukrani kwa ajili ya ndoa anaweza kuiadhimisha mwaka wowote na siku yoyote, na ahadi watarudia, na kwaya itaimba, na Jumamosi hiyo hana ratiba. Mwalimu alimshukuru kwa mikono miwili. Mlangoni aliniambia, "Umeona mtu wa tisini na moja?"

Kosa lililofuata ni langu na nalikubali. Paroko alinirudishia fomu niirekebishe: nifute jubilei niandike misa ya shukrani, nifute na ile miaka. Nilikuwa na sare za shule za kumaliza. Nilisahau. Fomu ikaenda kama ilivyokuwa kwa msoma matangazo wetu, mzee mmoja mnyoofu ambaye ukimwandikia "mwisho wa ukurasa" anausoma. Jumapili ile alisimama mbele ya kanisa lililojaa, akakohoa, akasema: Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, kutakuwa na jubilei ya miaka elfu tatu ya ndoa ya Mwalimu na Mama Mwalimu wa Bombambili, nyote mnakaribishwa.

Kicheko kilianza upande wa kwaya kikaenda hadi kwenye milango. Paroko alifunika uso. Mwalimu alikuwa ameinama, na mimi niliomba sakafu inifunike. Hapo Mama Mwalimu akasimama. Alishika kiti cha mbele yake, akasubiri pumzi, kisha akasema kwa ile sauti ya chini iliyowalazimu watu wote kunyamaza ili waisikie:

"Msicheke. Mimi ndiye niliyekaa naye. Hiyo hesabu ni sahihi."

Akaketi. Walicheka zaidi, lakini sasa walikuwa wanacheka naye, na nilimwona Mwalimu akiinua kichwa.

Mama Mwalimu alikuja kupimwa gauni siku iliyofuata. Nilimfunga tepu kiunoni nikaona amepungua sana kuliko vipimo vyangu vya zamani, nikajifanya natafuta kalamu. Niliogopa. Aliniona. "Usibane sana, Fundi," aliniambia. "Uniachie nafasi ya kula, watu wa elfu tatu wana njaa." Nikamwuliza kama amemkasirikia Mwalimu kwa kumficha. Alisema, "Ameniletea dunia, sasa ameniletea na sayari. Nilichokuwa nataka ni aje mwenyewe siku moja avae tai. Kama lazima apitie huko kote ndipo afike, mwache apite."

Alifika. Jumamosi ile alikuwa kanisani saa mbili, kabla ya wapamba maua, amevaa tai na hana chaki hata moja, mkewe alimpekua. Watu walijaa hadi nje. Wengine walitoka vigango vya mbali kwa kuamini kwamba kuna wazee wa ajabu wa kutazamwa, na wakalalamika kwamba maharusi si wazee kiasi hicho. Yule mzee wa Namtumbo alikuja na kofia yake, akakaa nje karibu na dirisha. Mama Mwalimu alikaa kwenye kiti mbele ya altare kwa sababu ya moyo, na Mwalimu akapiga magoti pembeni ili wawe sawa. Paroko alimwambia aseme neno kabla ya ahadi, akaongeza haraka, "Kwa ufupi, Mwalimu."

Tulijua litakuwa somo. Nilishakunja mikono. Mwalimu alimshika mkewe mkono, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema, "Leo nimekuja." Hakusema kingine. Mama Mwalimu alimpangusa uso kwa kona ya gauni jipya nililomshonea, na kwa mara ya kwanza sikumgombeza mtu kwa kuchafua kitambaa.

Baadaye uwanjani wazee walicheza ngoma ya lizombe mpaka vumbi likaingia kwenye pilau. Bibi harusi alicheza mabega akiwa ameketi. Alikula sahani mbili.

Alitutoka mwezi wa nne, mvua zikiwa bado zinanyesha. Alilala mchana baada ya kula, hakuamka. Sina la kusema zaidi kuhusu siku hiyo. Nguo ya mwisho nilimshonea mimi.

Mara ya mwisho kuongea na Mwalimu sisi wawili tu kabla hajahamia Mbinga ilikuwa kwenye mashine ya kusaga. Ilikuwa asubuhi, mahindi mapya yamevunwa, foleni ndefu. Nilimkuta amesimama na baiskeli, debe la mahindi limefungwa nyuma, koti limejaa pumba. Mwendesha mashine alimwuliza, "Mwalimu, nikukobolee au dona?" Mwalimu akalitazama debe lake. Watu wa nyuma wakaanza kuguna. Aligeuka akanitafuta kwa macho.

"Fundi," alisema, "sisi nyumbani tulikuwa tunakula nini?"

"Dona, Mwalimu."

"Dona," akamwambia kijana, na akajitoa kwenye mstari kunisubiri ukutani.

Nilimwuliza anaendeleaje. Alisema kesho ni arobaini. Nikasema najua, gauni langu jeusi limeshapigwa pasi. Mashine ilikuwa inapiga kelele, ikabidi anisogelee karibu na sikio.

"Msibani watu waliniambia kitu kimoja wote," alisema. "Kadiri miaka inavyopita, huzuni itapungua. Basi nikaenda nikapiga hesabu. Kule kesho inatimia minane."

"Miaka minane, Mwalimu?"

"Minane kamili."

Nilimwuliza kama imepungua.

"Hata kidogo." Alijipangusa unga kwenye nyusi. "Kwa hiyo nimeachana na kule. Nimerudi kwenye mwaka wa huku, huu mrefu. Sina haraka tena. Nataka nimlilie taratibu."